Uzi Uliobaki kwenye Sinia

"Usije Jumamosi. Nakuomba sana."

Oloo aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama ndani ya treni ya Sydney ya kwenda Penrith, sare ya uuguzi bado mwilini. Hakusubiri kufika. Alishuka kituo kisicho chake, akajibanza nyuma ya mashine ya tiketi, upepo wa baridi ya Agosti ukimchapa masikio, akapiga simu.

"Kanak, kuna nini tena? Mama yako amenialika mwenyewe, kwa sauti tamu kama ladu."

"Sauti hiyo ndiyo inayonitisha."

"Amesema ni sikukuu yenu, nije nile nanyi."

"Alikwambia sikukuu gani?"

"Raksha Bandhan. Nimeshaisoma. Dada humfunga kaka yake uzi mkononi, kaka huahidi kumlinda maisha yake yote, halafu..."

"Endelea," Kanak alisema.

"Wewe huna kaka."

"Sina."

"Sasa huo uzi..."

"Uzi ni wako, Oloo. Na mimi ndiye nitakayeufunga."

Treni nyingine ilipita kwa kishindo. Oloo aliubana mkono wake wa kulia kwapani kama mtu aliyeungua.

"Nitakataa," alisema.

"Mwanamume hakatai uzi. Ukikataa utakuwa umenitukana mimi na marehemu baba mbele ya mtaa mzima. Mama atakuwa amepata sababu aliyokuwa akiitafuta."

"Basi siji."

"Ndivyo nilivyokuomba. Lakini usipokuja atasema umekimbia. Na mama yangu hamfungulii mtu mlango mara ya pili."

"Kwa hiyo nikija nimekwisha, nisipokuja nimekwisha."

"Ndiyo. Ukishafungwa wewe ni kaka yangu. Hakuna mtu wa kwetu atakayehudhuria harusi ya kaka na dada."

"Na wewe huwezi kukataa kulibeba sinia lenye huo uzi?"

Oloo akamsikia anavuta makamasi.

"Ameniapisha mbele ya picha ya baba. Nimeapa nitalibeba."

Walikuwa wamependana kwenye treni hiyohiyo. Siku hiyo Oloo alikuwa akimlalamikia dada yake kwa simu, kwa Kiswahili cha kujiachia: "Kuna Mhindi hapa amejaza mifuko kama anahama, sina pa kuweka miguu." Msichana mwenye mifuko akageuka, akamjibu kwa Kiswahili safi cha Kisumu: "Sihami, natoka sokoni. Ukinisaidia kubeba utapata pa kuweka miguu." Oloo alibeba mifuko hadi kwao Harris Park, na tangu siku hiyo hakuwahi kuitua.

Kanak Mundra alizaliwa Kisumu. Babu yake ndiye aliyefungua duka la vitambaa pale, akitokea Marwar, nchi kavu iliyo ukingoni mwa jangwa la Thar. Mwanzoni Oloo alidhani Mhindi ni Mhindi. Kanak alimnyoosha mapema.

"India si kijiji, Oloo. Mtamil wa kusini na Mpunjabi wa kaskazini wakikutana, huenda wakaishia kuzungumza Kiingereza. Wewe ukiitwa Mmeru utaitika?"

Tangu hapo akasoma kama mtu anayesubiriwa na mtihani. Alijua Ganga inakotoka na Brahmaputra inakozungukia. Alijua habari za Ashoka aliyeichoka vita, na Akbar aliyewaketisha watu wa dini zote barazani mwake. Alijua jinsi nchi ilivyokatwa vipande mwaka 1947, na jinsi vibarua kutoka Punjab walivyoilaza reli kutoka Mombasa mpaka ziwani kwao. Lakini siku ya kwanza ya kuingia kwa akina Mundra alibeba kile ambacho Mjaluo hubeba akienda kwa watu anaowaheshimu: sato wazima wa kukaanga, wamefungwa vizuri kwenye karatasi. Nyumba hiyo haikuwahi kuingiza nyama wala samaki tangu enzi za mababu. Mama yake Kanak, Bi Sarla, aliupokea mzigo kwa ncha za vidole, akautoa nje, akarudi akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Aliyecheka siku hiyo alikuwa Dadi, bibi mzaa baba yake Kanak, kikongwe mwenye meno machache na bangili nyingi. Kwenye bangili mojawapo kulining'inia kishada cha nyuzi zilizopauka.

"Hiki nini, Dadi?" Oloo alimwuliza.

"Wifi yangu alinifungia, beta, mwanangu. Yeye amekufa, uzi uko."

Oloo aliitikia kwa adabu, akahamia habari za jangwa. Kati ya yote aliyoambiwa kwenye nyumba ile, hilo ndilo hakuliuliza zaidi.

Dada yake, Aketch, aliipokea habari ya uzi akiwa kwake Ingleburn, miguu ndani ya beseni la maji moto. Alikuwa ametoka shifti ya ghala, amesimama tangu alfajiri.

"Umesoma milima, umesoma mito, umesoma wafalme," alisema. "Uzi mmoja umekushinda."

"Usinicheke, dada."

"Sijacheka. Nikicheka majirani watajua. Huyo mama ana akili kutushinda. Angekufukuza, msichana angekufuata. Yeye amekukaribisha ndani, anakufungia humo humo."

"Nifanye nini?"

"Huo uzi hufungwa na nani?"

"Na dada."

"Dada yako nani?"

"Wewe."

"Basi nenda kalale. Jumamosi tunakwenda wote. Na Mzee Mwiti atatusindikiza."

"Mzee Mwiti ni Mmeru!"

"Ana mvi na ana gari. Hapa Sydney hiyo inatosha. Au ulitaka kwenda ukweni peke yako? Umekuwa Mzungu?"

Jumamosi Mzee Mwiti aliwachukua kwa gari lake, amevaa suti ya kahawia. Alikuwa amestaafu kazi ya karakana ya treni, na kila Mkenya wa Penrith aliyeoa au kufiwa alikuwa ameshamwona akisimama kuzungumza. Walipokaribia Harris Park, kwenye maduka ya sari na mikufu ya maua, Aketch akamgusa bega.

"Mzee, simama hapa kidogo."

Aliingia dukani akakawia. Oloo akatazama saa, akatazama mlango wa duka, akatazama saa tena. Aketch alitoka akitabasamu, anasukumia kifurushi ndani ya mkoba.

"Umenunua nini?"

"Mambo ya wanawake."

"Aketch, leo si siku ya mchezo."

"Nani amekwambia nacheza?"

Walivua viatu mlangoni. Sebule ilikuwa imejaa wageni, harufu ya udi na iliki hewani. Ukutani, picha ya marehemu Bwana Mundra ilivikwa shada la msandali. Bi Sarla alikuja kuwapokea kwa sari ya rangi ya majivu, mikono yake mitupu bila hata bangili moja. Wageni aliwasemesha Kihindi, na Oloo alimsemesha Kiswahili, lugha ambayo pale ndani wageni wake hawakuijua. Kwa hiyo aliweza kutabasamu huku akichoma.

"Karibu, Oloo. Leo hukuleta samaki?"

"Nimeleta machungwa, Mama."

"Unajifunza. Umechelewa, lakini unajifunza."

"Huyu ni dada yangu, Aketch. Na huyu ni mzee wetu, Mzee Mwiti."

Bi Sarla aliwatazama wawili hao kwa muda. Hakuwa amewahesabu.

"Karibuni nyote. Tutakula baada ya shughuli. Shughuli ni fupi."

Mgeni mmoja, bwana mwenye miwani, alimwuliza Oloo kwa Kiingereza kama anajua hata Rajasthan, jimbo lenye Marwar, iko wapi. Oloo akamjibu: akaitaja Thar, akaitaja Jodhpur na nyumba zake za buluu, akautaja mto Luni ambao hutiririka kuelekea baharini na usifike, ukaishia kwenye mabwawa ya chumvi ya Kutch. Wageni wakapiga makofi. Mzee Mwiti akajinyoosha kwenye kiti kama aliyemzaa.

Bi Sarla naye alipiga makofi, kisha akainama sikioni mwa Oloo.

"Kuutaja mto si kuuvuka, kijana. Keti pale."

Palikuwa na kigoda katikati ya sebule. Oloo aliketi. Bi Sarla akamfunika kichwa kwa leso, kama desturi inavyotaka, akawageukia wageni akawaeleza kwa Kihindi. Oloo hakuelewa maneno, lakini aliona nyuso zikilainika. Wanawake walimtazama kwa huruma na furaha. Bila shaka waliambiwa kwamba binti asiye na kaka leo amepata kaka.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Kanak akatoka.

Alikuwa amevaa sari ya kijani, bangili nyekundu za kioo zimejaa mikono yote miwili. Alilibeba sinia la shaba: taa ndogo ya samli inawaka, unga mwekundu, punje za mchele, vidonge vitamu vya ladu, na katikati, uzi mwekundu wenye ushanga wa dhahabu. Mwali wa taa ulikuwa ukitikisika.

Alisimama mbele ya Oloo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekuja," alisema polepole.

"Nimekuja."

"Nilikuomba usije."

"Ningekimbia, ungeolewa na nani?"

"Hakuna mazungumzo," Bi Sarla alisema, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Nyoosha mkono, Oloo. Mkono wa kulia."

Oloo aliutazama mkono wake. Mkono huo ulikuwa umewageuza wagonjwa vitandani, umeosha vidonda, haukuwahi kuogopa kitu. Sasa ulikuwa mzito kama si wake. Akiurudisha nyuma, atakayeaibika ni Kanak. Akiunyoosha, atampoteza Kanak.

Akaunyoosha.

"Sikatai uzi wa nyumba yako, Mama," alisema. "Lakini moyoni unajua unachokifanya."

"Najua vizuri sana. Kanak, funga."

Kanak hakusogea. Chozi lilimdondoka, likaangukia kwenye mchele.

"Uliapa," mama yake alisema.

"Samahani jamani!"

Aketch alikuwa amesimama, mkoba mkononi.

"Samahani Mama, mimi ni mgeni, sijui desturi. Lakini huyu kijana ana dada. Wa tumbo moja. Mkubwa wake. Nimembeba mgongoni huyu, akanikojolea mpaka akajua kutembea. Kwenu dada wa kupewa humtangulia dada wa kuzaliwa?"

"Keti, binti. Zamu yako itafika."

"Anasema nini?" bwana wa miwani aliuliza kwa Kiingereza.

Dadi, aliyekuwa kimya kwenye kona yake, akatafsiri kwa sauti kubwa isiyolingana na mwili wake. Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema jambo, wengine wakamuunga mkono.

"Wanasema ni haki," Dadi alimwambia Bi Sarla kwa Kiswahili, kusudi Oloo asikie. "Dada mkubwa atangulie."

Bi Sarla alibana midomo. "Haya. Upesi."

Aketch akatoa kifurushi. Akamfunga kaka yake uzi wa buluu, mafundo mawili, akamtia ladu mdomoni. "Zawadi yangu nitaidai nyumbani," alimwambia. Dadi akatafsiri, watu wakacheka. Bi Sarla akavuta pumzi.

Lakini Aketch hakurudi kwenye kiti. Mkono wake ukaingia tena kwenye mkoba, ukatoka na uzi wa pili. Huu ulikuwa na kishada kirefu chenye lulu ndogo. Oloo aliuona, na mara akaikumbuka bangili ya Dadi. Wifi yangu alinifungia.

Aketch alimwendea Kanak. Kanak alikuwa ameapa kulibeba sinia, na mikono yake yote miwili ilikuwa imelishika. Aketch akaufunga uzi kwenye bangili moja nyekundu, taratibu, akakiachia kishada kining'inie.

"Wifi yangu," alisema.

Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa ncha ya sari. Kila mtu wa Marwar aliyekuwa pale alijua: uzi wa mkononi ni wa kaka, uzi wa bangili ni wa mke wa kaka. Na mke wa mtu hawezi kumfunga mumewe uzi wa udugu.

Bi Sarla alisahau kutabasamu.

"Nani amekufundisha hili?"

"Mwenye duka hapo mtaani. Aliniuliza, kaka yako ana mke? Nikamjibu, yuko njiani. Akaniuzia jozi."

Dadi alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, usicheke!" Bi Sarla alimgeukia. "Kanak, vua bangili hiyo."

"Haivuliki. Ulinivika mwenyewe kwa sabuni."

"Basi ivunje."

Kanak aliliweka sinia mezani. Alikuwa amelibeba, kiapo kilikuwa kimetimia. Akaunyoosha mkono wake mbele ya mama yake.

"Ivunje wewe. Unajua sisi huvunja bangili siku gani. Siku ulipovunja za kwako, mimi ndiye niliyekushika mabega. Ukitaka kunifanya mjane kabla sijaolewa, mkono huu hapa. Sitauvuta."

Bi Sarla aliishika bangili. Alikaza vidole mpaka vikawa vyeupe. Oloo aliinuka kigodani. Mzee Mwiti akamshika koti.

"Mwache mama amalize," alinong'ona.

Kioo hakikulia. Vidole vililegea kimoja kimoja. Bi Sarla akaanguka kwenye kiti, uzee ukamjia usoni ghafla.

"Hamjui," alisema. "Hamjui ninyi. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 2008, katika ghasia za uchaguzi, walipolivunja duka letu Kisumu, nilikuwa juu, dirishani. Nilimwona fundi wetu wa cherehani. Miaka yote tulimwita ndugu. Alikula nasi sikukuu. Alitoka amebeba majora mawili begani, akainua macho, akaniona. Akanipa mgongo. Baba yake Kanak hakupona tena. Tulimleta Sydney akiwa mtu nusu." Akamtazama Oloo. "Uliposema jina lako na kwenu, nilimwona fundi. Sikutaka kukudhuru. Nilitaka kukufunga. Mtu aliyefungwa uzi havunji mlango wako."

Oloo alipiga goti mbele ya kiti chake. Leso ilikuwa bado kichwani, na hakuna aliyecheka.

"Mama, fundi yule mlimwita ndugu, na jina hilo halikumzuia. Leo unataka kunipa mimi jina lilelile?"

Bi Sarla aliinua macho kwenye picha ya mumewe.

"Siwezi kulirudisha duka. Siwezi kusema watu wetu hawakufanya walichofanya, walifanya. Nipe kazi ya mume, siyo jina la ndugu. Nikishindwa, mzee wangu huyu hapa. Nishtaki."

"Nipo," Mzee Mwiti alisema, ladu likiwa shavuni.

Dadi alisema kitu kifupi kwa Kimarwari. Bi Sarla akafuta macho kwa kiganja, akatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayesumbuliwa na jambo la ndani zaidi.

"Harusi gani, Mama?" alimjibu mama mkwe wake kwa Kiswahili. "Kwetu harusi haiendi bila mjomba wa bibi harusi. Kaka wa mama ndiye huleta mayra, nguo na vitu vya siku hiyo. Husimama mlangoni, dada yake akatoka kumpokea. Mimi nilikuwa na kaka mmoja, alifariki, tulimchoma Jodhpur. Mlangoni pangu atasimama nani? Watu waone mlango mtupu?"

Hapo ndipo Oloo alipoelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa ameshaiwaza harusi usiku na mchana, na kila alipoiwaza aliufikia mlango huo, akarudi.

Mzee Mwiti alimeza ladu.

"Huyo mjomba," aliuliza, "kazi yake ni kusimama mlangoni na nguo tu?"

"Na kulia kidogo," Dadi alisema.

"Mimi nina dada wanne kule Meru. Wote niliwasindikiza. Kusimama najua, kubeba najua. Na kulia," akajipangusa makombo kwenye suti, "huwa nawashinda hata wanawake."

Bwana wa miwani alitaka kutafsiriwa. Dadi akatafsiri. Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikazunguka sebule, kikafika hata kwa Aketch aliyekuwa ameanza kulia.

Bi Sarla hakucheka. Alikuwa akilitazama sinia. Taa ilikuwa bado inawaka. Uzi mwekundu wenye ushanga wa dhahabu ulikuwa pale pale alipouweka asubuhi kwa mkono wake.

"Uzi uliokwisha kuwekwa mbele ya taa haurudishwi dukani," alisema.

Akainuka. Akaushika.

"Mzee, jina lako ni nani?"

"Mwiti."

"Nyoosha mkono, Mwiti. Wa kulia."

Mzee Mwiti akaunyoosha, ghafla mpole kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Bi Sarla alimpaka unga mwekundu kwenye paji la uso, akabandika punje za mchele, akaufunga uzi. Mikono yake mitupu ilikaza fundo la mwisho.

Oloo akamwinamia Kanak.

"Amekubali?"

"Umesoma India yote," Kanak alimjibu, akifuta machozi kwa mkono ule, kishada kikicheza, "hiyo sura uliiruka?"

"Kaka humpa dada zawadi," Dadi alimkumbusha Mzee Mwiti.

Mzee alijipapasa mifuko. Hakupata kitu ila ufunguo. "Dada yangu, sina kitu leo. Nina gari tu, na liko mlangoni."

"Linatosha," Bi Sarla alisema, akijitanda sari vizuri begani. "Tule kwanza, kisha uliwashe. Maduka yanafungwa mapema, na mwanangu hana sari nyekundu ya bibi harusi."